Kumbukumbu ya Pamoja katika Seva ya Hifadhidata: Istilahi na Urari Wake kwa Mfano wa Takwimu za Afya kutoka Bura

1.0 Utangulizi

Kila mwezi unapokwisha, wahudumu wa afya katika Bura, upande wa mashariki wa Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, hufungua madaftari yao na kujumlisha: watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua, wagonjwa waliotibiwa na kurudi nyumbani. Jumla hizo hunakiliwa katika fomu za Wizara ya Afya, mathalani MOH 710 ya chanjo na MOH 705 ya wagonjwa wa nje. Kwa utaratibu uliozoeleka nchini Kenya, fomu hutakiwa kufika katika ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na takwimu zake ziwe zimeingizwa katika mfumo wa kitaifa kufikia tarehe 15. Baada ya hapo tarakimu ya Bura huwa imetoka katika daftari na kuingia katika seva, mahali ambapo hukutana na tarakimu za kaunti zote 47.

Mfumo huo ni DHIS2. Asili yake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuondoka, na Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kilichouendeleza. Kenya iliufanyia majaribio katika Mkoa wa Pwani, kisha mnamo Septemba 2011 ikausambaza nchi nzima. Uganda ilifuata mwaka 2012 na Tanzania ikakamilisha usambazaji wake mwaka 2013. Jambo la kuzingatiwa katika uamuzi wa Kenya ni kwamba nchi hiyo iliacha wazo la kuweka kompyuta yenye takwimu zake yenyewe katika kila wilaya, ikachagua seva kuu moja inayofikiwa kwa intaneti ya simu. Uamuzi huo uliirahisishia kazi ofisi ya mbali kama ile ya Fafi, kwa kuwa haikulazimika kutunza mashine ya seva. Lakini uliweka mzigo wa wote mahali pamoja. Seva ikilegea tarehe 14, hulegea kwa Bura na kwa Busia kwa wakati mmoja.

Makala haya yanachunguza sehemu moja tu ya seva ya namna hiyo, yaani kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na michakato ya hifadhidata, na namna kiasi chake kinavyopangwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kosa kubwa katika upangaji huo hutokana na kuchanganya kumbukumbu ya pamoja na kumbukumbu ya binafsi, na kwamba Kiswahili kisipokuwa na maneno mawili thabiti kwa vitu hivyo viwili, mwanafunzi atakayefundishwa kwa Kiswahili atalirithi kosa hilo pamoja na somo lenyewe.

2.0 Bura tatu katika jedwali moja

Kabla ya kuingia katika kumbukumbu, inafaa kueleza kwa ufupi hifadhidata ya mahusiano ni nini. Dhana hiyo iliasisiwa na Edgar F. Codd mwaka 1970. Ndani yake taarifa hupangwa katika majedwali, na majedwali huhusishwa kwa funguo. Mfano mwepesi ni jina la Bura lenyewe. Ipo Bura ya Fafi, Garissa. Ng'ambo ya mto, katika Kaunti ya Tana River, ipo Bura ya mradi wa umwagiliaji. Ipo pia Bura ya Taita Taveta. Jina peke yake haliwezi kuzitenganisha; ndiyo maana kila kituo cha afya nchini Kenya kimepewa namba yake katika orodha kuu ya vituo, na jedwali la chanjo hurejelea namba hiyo. Anayetaka kujua ni watoto wangapi wa Bura ya Fafi waliochanjwa surua huiuliza seva swali, nayo seva huyaunganisha majedwali mawili au matatu ili kupata jibu.

DHIS2 huhifadhi taarifa zake katika PostgreSQL, programu iliyochipuka kutokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1986 na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo ilipata jina lake la sasa mwaka 1996. Maelezo yanayofuata yanahusu programu hiyo, ingawa misingi yake inakaribiana na ya programu nyingine za aina hiyo.

3.0 Birika na vibuyu

Jedwali zima hukaa katika diski. Diski inadumu, umeme ukatike usikatike, lakini ni nzito kufikika ikilinganishwa na kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo PostgreSQL haisomi safu moja moja kutoka diskini. Husoma ukurasa mzima wenye kilobaiti 8, na kila ukurasa una ukubwa huohuo, kama vile kila kipande cha tarbia kinavyotarajiwa kutimiza mizani zake bila kuzidi. Ukurasa uliosomwa huwekwa katika eneo la kumbukumbu ambalo michakato yote ya seva inaweza kulifikia. Mtu wa pili akiuliza juu ya ukurasa huohuo, hapelekwi tena diskini. Eneo hilo ndilo kumbukumbu ya pamoja, na katika faili la mipangilio kiasi chake huandikwa mbele ya jina shared_buffers.

Wafugaji wa Fafi hawahitaji mfano wa kigeni ili kulielewa jambo hili. Mbali na mto, maji hutekwa kisimani kwa kazi na kumiminwa katika birika la kunyweshea mifugo. Kisima ni diski. Birika ni kumbukumbu ya pamoja: mmoja huteka, na makundi kadhaa hunywa. Birika likiwa dogo mno, watekaji hawapumziki. Likiwa kubwa kupita kiasi, hula nafasi ambayo mifugo ingesimama. Kando ya birika, kila mchungaji ana kibuyu chake mwenyewe ambacho hakuna mwingine anayekitumia. Hicho ni kumbukumbu ya binafsi, ambayo kila mchakato huichukua unapopanga orodha au unapounganisha majedwali. Mpangilio wake huandikwa work_mem.

Tashbihi hii ina kikomo, na ni vyema mwalimu akitaje mapema. Maji yakinywewa yamekwisha, ilhali ukurasa ukisomwa mara elfu hubaki ulivyo. Kinachofanya ukurasa uondoke birikani ni uhaba wa nafasi. PostgreSQL huupa kila ukurasa alama ya kutumika isiyozidi 5. Nafasi inapohitajika, mfumo huzunguka kama mkono wa saa, ukipunguza alama moja katika kila ukurasa usioshikiliwa na mtu, na ule unaokutwa na sifuri hutolewa. Kurasa zinazoulizwa mara kwa mara hujikomboa kwa kuongezewa alama. Hivyo orodha ya vituo vya afya, ambayo karibu kila ripoti huihitaji, huelekea kudumu ndani, na takwimu za zamani zisizoulizwa na mtu huondoka.

4.0 Tatizo la neno kumbukumbu

Katika matumizi ya kila siku, neno kumbukumbu hubeba maana ya kudumu. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili zisipotee. Mnara wa kumbukumbu hujengwa kwa mawe. Kumbukumbu ya kompyuta ina tabia kinyume: umeme ukikatika, kilichokuwamo hakipo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba takwimu za Bura zimo katika kumbukumbu ya seva ana haki ya kudhani zimesalimika. Kwa kweli zinasalimika kwa njia nyingine kabisa, kwa sababu kabla ya kuthibitisha kwamba badiliko limekubaliwa, PostgreSQL huliandika kwanza katika daftari la matukio lililo diskini. Neno hifadhi lingefaa libakie kwa diski na kumbukumbu kwa sehemu inayofutika, na tofauti hiyo ielezwe katika somo la kwanza.

Ugumu wa pili umo katika kivumishi. Baadhi ya waandishi hupendelea kumbukumbu shirikishi. Umbo hilo ni jepesi masikioni, lakini kiishio -shi hapa kinaashiria kitendaji: elimu shirikishi ni elimu inayowashirikisha watu. Kumbukumbu haimshirikishi mtu yeyote. Yenyewe ndiyo inayotumiwa. Kumbukumbu inayoshirikiwa ni sahihi zaidi kisarufi, ila ni ndefu na si rahisi kuiundia kinyume chake. Kumbukumbu ya pamoja haina makuu, na kinyume chake, kumbukumbu ya binafsi, hujitokeza bila kulazimishwa. Makala haya yanaichukua jozi hiyo kwa sababu hiyo ya pili: istilahi hupimwa pia kwa jirani zake.

Kazi ya kuiletea kompyuta maneno ya Kiswahili si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Jitihada kama hizo zilishughulikia zaidi uso wa programu, yaani maneno ambayo mtumiaji huyaona akifungua faili au kuhariri barua. Tumbo la seva halikupata bahati hiyo. Hata leo kompyuta na tarakilishi hushindana, hifadhidata na kanzidata vilevile, na mjadala wa maneno hayo manne umekula karatasi nyingi kuliko ulivyostahili, wakati vitu ambavyo havina jina kabisa vimeachwa.

Kuhusu tendo lenyewe la kupanga viwango, neno kurekebisha linadokeza kwamba kitu kimeharibika. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Vipo viwango vinavyotakiwa kulingana. Wanafunzi wa ushairi wanalo neno urari, nalo linafaa hapa kuliko kurekebisha, kwa kuwa kiasi cha birika hakiwezi kuamuliwa bila kutazama vibuyu.

5.0 Hesabu ya urari

Kiwango ambacho kwa kawaida PostgreSQL huanza nacho kwa kumbukumbu ya pamoja ni megabaiti 128, sawa na kurasa 16,384. Kiwango hicho kimechaguliwa ili programu iweze kuwaka hata katika mashine dhaifu, na hakikukusudiwa kwa seva ya taifa. Nyaraka za programu hiyo hupendekeza kuanzia robo ya kumbukumbu ya mashine iwapo mashine ina gigabaiti 1 au zaidi na inatumika kwa hifadhidata peke yake, na huonya kwamba kuvuka asilimia 40 hakuelekei kuleta faida zaidi.

Kwa nini robo, wala si robo tatu? Swali hili huulizwa katika kila darasa, na jibu lake ndilo kiini cha somo. PostgreSQL haisomi diski moja kwa moja. Huomba ukurasa kwa mfumo endeshi, na mfumo endeshi nao una akiba yake ya kurasa zilizosomwa karibuni, ambayo huiweka katika kumbukumbu iliyosalia bure. Kwa hiyo yapo mabirika mawili, moja nyuma ya jingine, na ukurasa uleule unaweza kukaa katika yote mawili. Anayelipanua la mbele hadi kulimeza la nyuma hupoteza akiba ambayo hakujua kwamba inamsaidia. Upo hata mpangilio mwingine, effective_cache_size, ambao hautengi kumbukumbu yoyote. Kazi yake ni kuipa programu makadirio ya ukubwa wa akiba yote inayoweza kutegemewa, ili iamue vyema njia ya kulijibu swali. Wapo wanaouongeza wakidhani wameongeza kumbukumbu. Hawajaongeza hata baiti moja.

Chukulia mfano wa kubuni wa mashine yenye gigabaiti 16. Robo yake ni gigabaiti 4, yaani kurasa 524,288. Hicho ni kiasi kimoja, kinachotengwa mara moja seva inapowaka, wawe watumiaji ni wawili au mia mbili. Sasa itazamwe kumbukumbu ya binafsi. Kiwango chake cha mwanzo ni megabaiti 4, na msimamizi aliyechoshwa na ripoti zinazokawia anaweza kukipandisha hadi 64. Namba 64 inaonekana ndogo sana mbele ya 4,096 za birika. Lakini haigawanywi kwa wote, huzidishwa. Kila muunganisho unaweza kuichukua, na swali moja lenye upangaji wa orodha na uunganishaji wa majedwali linaweza kuichukua zaidi ya mara moja. Miunganisho 200, kila mmoja ukiwa na kazi mbili za aina hiyo, huweza kudai 200 × 2 × 64, yaani megabaiti 25,600, au gigabaiti 25. Mashine ina 16 tu, na 4 kati ya hizo zimekwisha kutengwa.

Hapa ndipo kosa la lugha linapogeuka kuwa kosa la mashine. Mtu aliyefundishwa neno moja tu, kumbukumbu, huziona namba mbili katika faili moja na kuzilinganisha kana kwamba ni vitu vya aina moja. Aliyefundishwa kwamba moja ni ya pamoja na nyingine ni ya binafsi hujiuliza mara moja: ya binafsi kwa wangapi?

Katika mfano huohuo, megabaiti 16 kwa kila kazi zingetoa 200 × 2 × 16, yaani 6,400, au gigabaiti 6.25. Pamoja na birika jumla ni 10.25, na mfumo endeshi hubakiwa na 5.75 kwa shughuli zake na akiba yake. Huo ni urari unaovumilika, mradi tu programu ya DHIS2 yenyewe haikai katika mashine ileile. DHIS2 imeandikwa kwa Java, nayo Java hudai sehemu yake kubwa ya kumbukumbu; mahali ambapo bajeti imeruhusu mashine moja tu, sehemu hiyo lazima iondolewe kwanza kabla ya robo kupigwa. Ni kweli pia kwamba makarani hawaunganishwi kila mmoja na hifadhidata. Programu hushikilia kundi la miunganisho na kuwagawia kwa zamu. Idadi ya kuzidisha, kwa hiyo, ni ya miunganisho iliyoruhusiwa, na kuipunguza mara nyingi ni tiba nafuu kuliko kununua kumbukumbu.

6.0 Kinachotokea urari ukivunjika

Kumbukumbu inapokwisha kabisa, Linux huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mashine ipumue. Ukiuawa mchakato wa PostgreSQL, maafa hayaishii kwake. Mchakato huo ulikuwa na mkono ndani ya birika, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba haukuacha ukurasa katikati ya kuandikwa. Mchakato mkuu kwa hiyo hulichukulia birika zima kuwa limetiwa shaka. Huwafukuza wote, hulimwaga, hulitengeneza upya, kisha husoma daftari la matukio ili kurejesha yote yaliyokuwa yamekubaliwa.

Yaliyokubaliwa hayapotei, na sifa hiyo ya PostgreSQL inafaa kusisitizwa. Yaliyokuwa katikati hupotea. Karani wa Fafi aliyekuwa akihifadhi takwimu za MOH 710 kwa mtandao hafifu hulazimika kurudia, kwa sababu ya ripoti nzito iliyoombwa na mtu asiyemfahamu katika mji asioufikia. Asiporudia, mwezi huo Bura huonekana kana kwamba haikuleta taarifa, na anayepanga chanjo za robo inayofuata husoma pengo mahali ambapo watoto walikuwapo.

Msimamizi makini anaweza kuizuia Linux isiahidi kumbukumbu isiyokuwapo, kwa kuuweka mpangilio vm.overcommit_memory kuwa 2. Kwa njia hiyo, ombi linalozidi uwezo hukataliwa kwa ujumbe wa kosa. Swali moja hushindwa, wengine huendelea.

7.0 Maelekezo yaliyopitwa na wakati

Waliosimamia PostgreSQL katika miaka ya 2000 walikumbana na kikwazo kingine. Programu iliomba birika lake lote kwa utaratibu wa kale wa System V, na Linux kwa miaka mingi iliweka kikomo cha baiti 33,554,432, yaani megabaiti 32, kwa ombi moja. Aliyezidisha alikuta seva imekataa kuwaka hadi kikomo hicho, SHMMAX, kipandishwe. Toleo la 9.3 la mwaka 2013 lilibadili njia: sehemu kubwa ya kumbukumbu ya pamoja huombwa kwa utaratibu mwingine usioguswa na kikomo hicho, na System V imebakiziwa kipande kidogo tu. Mwaka 2014, Linux yenyewe nayo ilikipandisha kikomo hicho hadi kiwango kikubwa mno. Licha ya hayo, maelekezo ya kupandisha SHMMAX yangali yakinakiliwa kutoka mwongozo mmoja hadi mwingine. Hayadhuru, lakini humfanya mwanafunzi aamini kwamba amekwisha kupanga kumbukumbu, kumbe amegusa mlango ambao tayari uko wazi.

8.0 Kupima, kisha kubadili

PostgreSQL huweka hesabu mbili kwa kila hifadhidata katika mwonekano uitwao pg_stat_database: mara ambazo ukurasa ulipatikana birikani na mara ambazo ulilazimika kuombwa nje. Zikipatikana mara 990,000 na kuombwa mara 10,000, kiwango cha kupatikana ni asilimia 99. Namba hiyo isomwe kwa tahadhari. Ukurasa ulioombwa nje huenda ulitoka katika akiba ya mfumo endeshi bila diski kuguswa, na kiwango kizuri cha mwezi mzima kinaweza kuficha siku mbili mbaya. Kwa seva ya takwimu za afya, vipimo vya tarehe 12 hadi 15 vina uzito kuliko vya mwezi mzima. Aidha, saa za usiku, ambapo DHIS2 huwa inajenga upya majedwali yake ya uchambuzi, zipimwe peke yake kwa kuwa mzigo wake ni wa aina nyingine.

Kumbukumbu ya binafsi inaweza kubadilishwa kwa muunganisho mmoja tu, seva ikiendelea na kazi. Ripoti moja nzito ya mwaka hupewa megabaiti 256 zake na kuzirudisha ikimaliza, na kiwango cha wengine wote hakiguswi. Kumbukumbu ya pamoja haina uhuru huo. Ili ibadilike lazima seva izimwe na kuwashwa, na birika huanza likiwa tupu. Kwa muda, kila ukurasa hutekwa upya. Kazi hiyo basi hufanywa baada ya tarehe 15, usiku, badiliko moja kwa wakati mmoja, ili athari yake ijulikane ni ya nini.

Katika faili la mipangilio, mstari unaotanguliwa na alama ya # haufuatwi na mashine. Umeachiwa watu, na hakuna kinachozuia usiandikwe kwa Kiswahili. Juu ya mstari wa shared_buffers wa seva ya mfano uliotumika hapa ingetosha kuandika: # kumbukumbu ya pamoja, robo ya gigabaiti 16, awali 128MB. Na juu ya work_mem: # ya binafsi, zidisha kwa miunganisho 200 kabla ya kuongeza.